Dumu la maji, ubao na mizani ya kuku: jinsi ya kupima kazi ukiwa uani kwako

Miaka kadhaa nyuma nilitunga swali la jaribio la Sayansi, Darasa la Sita: "Amina amejitwika ndoo yenye uzito wa kilo 20, akatembea mita 100 kwenye uwanja tambarare. Ameifanyia ndoo kazi kiasi gani?" Mtoto mmoja wa madawati ya nyuma akaandika maneno mawili: nyingi sana. Jibu la kitabuni ni sifuri, nami nikamwekea sifuri. Kesho yake akaja mezani na karatasi yake. "Shikamoo, mwalimu. Kama Amina hajafanya kazi, mbona shingo inauma?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilimrudia kanuni, akaitikia "ndiyo, mwalimu" kwa ile sauti ya mtoto anayetaka tu kwenda zake mapumziko. Jioni nikaazima mizani ya ndoano kwa jirani yangu anayeuza kuku wa kienyeji hapa Dodoma, nikajaza dumu, nikaanza kuvuta na kuinua vitu uani huku watoto wa nyumba ya pili wakinishangaa kupitia uzio. Tangu siku hiyo sifundishi kani na kazi bila mizani. Vipimo ninavyovieleza hapa ni vya uani kwangu. Vyako vitatofautiana kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana Kiswahili chenyewe kinatutega. "Pole na kazi" tunamwambia hata mlinzi aliyekaa kwenye kiti usiku kucha. Fizikia ni bahili zaidi. Kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Kisiposogea, hakuna kazi, hata ukilowa jasho. Kani ni kusukuma au kuvuta, na hapo neno letu la zamani linasaidia: mtu "akishika kani" huwa amegoma kusogea, na wewe unahitaji nguvu ya kumsogeza. Hupimwa kwa nyutoni, kwa jina la Isaac Newton, ambaye kanuni zake tatu za mwendo zilichapwa mwaka 1687. Kazi hupimwa kwa jouli, kwa jina la James Prescott Joule. Nyutoni 1 ikisogeza kitu mita 1, umefanya jouli 1. Hiyo ndiyo hesabu yote utakayohitaji mpaka karibu na mwisho.

Vifaa si vya maabara. Tafuta mizani ya ndoano inayofika kilo 50, iwe ya springi au ile ya kidijiti ambayo machinga huiuza kwa ajili ya kupimia mabegi ya safari. Futi kamba ya fundi. Dumu la lita 20 lenye mfuniko usiovuja. Ubao mnyoofu wa mita 2. Kamba ya mita 3 hivi. Ya katani ni bora kuliko ya manila, kwa sababu hainyumbuki sana na mizani haitachezacheza. Mtu wa pili wa kusoma mizani wakati wewe unavuta. Na viatu vinavyofunika vidole, jambo ambalo nililijifunza vibaya, kama utakavyoona.

Hatua ya 1: Ijaribu mizani kabla ya kuiamini

Lita 1 ya maji ina kilo 1. Kwa hiyo huna haja ya mawe ya mizani: chupa ya maji ya lita 1.5 iliyojaa inapaswa kusoma kilo 1.5 na gramu chache za plastiki. Ikisoma 1.8, andika hiyo tofauti pembeni, au ukamwulize mwenye mizani amewauzia watu kuku kwa kilo zipi.

Halafu ning'iniza dumu. Madumu mengi ya "lita 20" hupokea zaidi ya lita 20 ukiyajaza hadi shingoni, basi usifuate jicho; ongeza maji mpaka mizani isome kilo 21, dumu na maji yake. Mizani inakupa kilo, wewe unataka nyutoni. Dunia huvuta kila kilo kwa nyutoni 9.8, tumia 10, kosa lake ni dogo kuliko kosa la mizani yenyewe. Dumu letu basi lina uzito wa nyutoni 210. Andika.

Hatua ya 2: Inua, shikilia, tembea

Inua dumu kutoka chini hadi juu ya meza ya mita 1. Nyutoni 210 mara mita 1 ni jouli 210. Uinue kwa sekunde moja au kwa sekunde tatu, kazi ni ileile. Kinachobadilika ni kasi ya kuifanya, ambayo hupimwa kwa wati: wati 210 ukiwa na haraka, wati 70 ukiwa mpole.

Sasa lishikilie hewani bila kulisogeza, hesabu hadi sitini. Mikono itatetemeka. Kazi uliyolifanyia dumu katika dakika hiyo ni sifuri. Liweke mezani uone: meza inalishikilia dumu lilelile kutwa nzima bila kula ugali. Tofauti yako na meza ni kwamba msuli haujui kufunga komeo. Nyuzi zake ndogo hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, na kila mkazo unakula nishati ya chakula ulichokula na kuitoa kama joto. Jasho lako ni la kweli, ila nishati hiyo haikwenda kwenye dumu. Imeishia mwilini mwako.

Tembea nalo sasa kwenye uwanja tambarare. Kani yako inaelekea juu, dumu linaelekea mbele. Kani haikusogeza kitu upande wake, kwa hiyo kazi ni sifuri. Hilo ndilo swali la Amina, na kwa muda mrefu niliridhika nalo. Mpaka siku moja nilipompiga video binti wa jirani akipita na ndoo kichwani mbele ya ukuta wa matofali. Ukuta wa matofali ni rula nzuri sana. Niliposimamisha picha moja moja, nikaona kitako cha ndoo kikipanda na kushuka kama sentimita 3 katika kila hatua, pamoja na ngata na madaha yote. Kuinua nyutoni 200 kwa sentimita 3 ni jouli 6. Mita 100 ni hatua 150 hivi, yaani jouli 900 za kuinua tu. Ndoo ikishuka inairudisha kazi hiyo, ndiyo maana jumla kwenye karatasi bado ni sifuri. Lakini msuli haupokei chenji. Unalipa ndoo ikipanda, na ikishuka unalipa tena kidogo kuizuia isianguke.

Nilimtafuta yule mtoto, nikamrekebishia alama. Alikuwa ameshafika Darasa la Saba na hakumbuki swali.

Hatua ya 3: Buruta

Funga kamba kwenye mkono wa dumu, ndoano ya mizani kwenye kamba, shika mizani chini kabisa ili kamba ilale sambamba na sakafu. Vuta polepole. Msomaji wako aangalie mambo mawili. Kwanza, mizani itapanda, ipande, kisha dumu linaachia ghafla na namba inashuka. Kwangu, kwenye saruji iliyosuguliwa, ilifika kilo 8 ikarudi 6.5. Msuguano wa kitu kilichotulia ni mkali kuliko wa kitu kinachoteleza; kila aliyewahi kusukuma gari lililozimika anajua kwamba shida ni ule mzunguko wa kwanza wa gurudumu.

Pili, vuta kwa mwendo usiobadilika na uangalie kama namba inatulia. Mwendo usiobadilika maana yake kani zimelingana: wewe unavuta nyutoni 65 mbele, msuguano unavuta nyutoni 65 nyuma. Watoto wengi, na watu wazima pia, huamini kitu kinachotembea lazima kiwe kinasukumwa zaidi ya kinavyozuiwa. Hapana. Ziada inahitajika wakati wa kuongeza mwendo tu.

Sogeza dumu mita 5. Kazi ni 65 mara 5, jouli 325. Ukilinganisha, kulipandisha mezani ilikuwa jouli 210, na kule angalau dumu lilipata kimo ambacho linaweza kukirudisha likidondoka. Hapa jouli 325 zote zimekuwa joto kati ya plastiki na saruji. Sugua viganja vyako, utaelewa zimekwenda wapi.

Rudia kwenye mchanga. Kwangu ilisoma kilo 12.6.

Hatua ya 4: Cheza na pembe ya kamba

Hatua hii usiiruke, ingawa inaonekana kama mchezo. Rudi kwenye saruji. Vuta kamba ikiwa imelala, halafu ikiwa imeinuka kidogo, halafu ikiwa imesimama sana, nyuzi 60 hivi. Kwangu: kilo 6.5, kilo 6.2, kilo 8.5.

Ona kinachotokea. Kamba ikiinuka kidogo, sehemu ndogo ya mvuto wako inalipunguzia dumu uzito kwenye sakafu, msuguano unapungua, unapata nafuu. Ikisimama sana, nusu tu ya kani yako ndiyo inayovuta mbele. Kwa nyuzi 60 ni nusu kamili. Kati ya kilo 8.5 ulizovuta, kilo 4.25 tu ndizo zilizofanya kazi, yaani jouli 42.5 kwa kila mita, wakati kamba ikiwa imelala ulikuwa unafanya jouli 65 kwa mita. Mkono umeumia zaidi na kazi imepungua. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma mizani, nikarudia mara nne.

Kwenye mchanga, ambako msuguano ni mkubwa, inafaa kamba iinuke zaidi, karibu nyuzi 30. Hapo kilo 12.6 zilishuka hadi 10.8. Sasa geuza mambo: badala ya kuvuta kwa kuinua, sukuma kwa kukandamiza. Unaongeza uzito palepale unapotaka kuupunguza. Nenda kwenye ujenzi wowote Nzuguni au Ihumwa uangalie saidia fundi akifika na toroli la zege kwenye mchanga mwingi: anasimama, anageuka, anaipa toroli mgongo, na kuivuta. Mishikio iko kiunoni, gurudumu liko chini mbele, ukisukuma, kani yako inalielekeza gurudumu ardhini, ukivuta, inalinyanyua. Hakuna aliyemfundisha kwa hesabu. Lakini mtoto aliyeona toroli ikigeuzwa na akapima kwa mizani hatasahau pembe maisha yake.

Hatua ya 5: Ubao

Weka ubao wa mita 2, kichwa kimoja kwenye matofali yenye kimo cha sentimita 50. Kuliinua dumu moja kwa moja hadi juu ya matofali ni nyutoni 210 mara mita 0.5, jouli 105. Sasa lipandishe kwa kulivuta juu ya ubao. Kama kusingekuwa na msuguano, robo ya kani ingetosha, kwa kuwa njia ni ndefu mara nne: nyutoni 52.5 kwa mita 2, jouli 105 zilezile. Ni sawa na kununua friji kwa malipo ya kidogo kidogo. Kila awamu ni nyepesi, jumla ni ileile.

Ila mizani yangu haikusoma kilo 5. Ilisoma kilo 11.4. Nyutoni 114 mara mita 2 ni jouli 228. Nimepunguza kani karibu nusu, lakini kazi imezidi mara mbili! Hiyo ziada ni riba, na mwenye duka ni msuguano. Ubao mkavu na dumu la plastiki ni mkopo wa kausha damu.

Weka dumu juu ya kigari, au laza vipande vya bomba chini yake viviringike. Kwangu mizani ilishuka hadi kilo 6: jouli 120. Riba imebaki jouli 15. Kwa hiyo mtu akikuambia "ubao unapunguza kazi", mwambie unapunguza kani. Kazi haipungui kamwe, inaweza kuongezeka tu. Na bado ubao una maana, kwa sababu mgongo hauumizwi na jouli, unaumizwa na nyutoni. Kule soko la mahindi Kibaigwa, gunia la kilo 100 ni nyutoni 1,000, na likifungwa lumbesa ni zaidi ya hapo. Kulipandisha mita 1 ni jouli 1,000 kwa njia yoyote ile. Mtu mmoja hawezi kuzitoa kwa mkupuo mmoja bila kuhatarisha kiuno, lakini akipewa njia ya mita 4 yenye magurudumu anaweza.

Kapi la kisimani nitalitaja tu kwa haraka. Kapi moja lililofungwa juu halikupunguzii kani hata kidogo. Linageuza mwelekeo, uvute kwenda chini na kutumia uzito wa mwili wako. Kapi likitembea pamoja na mzigo ndipo kani inagawanyika nusu, na kamba unayovuta inakuwa ndefu mara mbili. Malipo ya awamu tena.

Turudi kwenye viatu. Nilipohama kutoka Chang'ombe tulikodi kirikuu, na friji ikapandishwa kwa ubao wa mita 1.5 hadi kwenye bodi, kimo cha sentimita 75 hivi. Katikati ya njia mwenzangu akasema, "Tupumue kidogo." Tukalegeza. Friji haikupumua, ilirudi chini na kutua kwenye kidole changu cha gumba, nami nimevaa kandambili. Ningefanya jaribio lifuatalo mapema, nisingepoteza ukucha.

Weka dumu kwenye ubao uliolala, kisha inua kichwa cha ubao taratibu mpaka dumu lianze kuteleza lenyewe. Simamisha hapo, pima kimo. Dumu langu lilivumilia mpaka sentimita 65. Chini ya kimo hicho msuguano unakushikia mzigo: ukichoka, acha, unakaa. Juu ya kimo hicho ukiachia unarudi nao. Ubao wa friji ulikuwa na mwinamo wa kimo nusu ya urefu. Dumu langu linaachia kwenye theluthi moja hivi. Tungetumia ubao wa mita 3, mwinamo ungekuwa robo, kani ingepungua, na tungeweza kupumua tupendavyo. Msuguano uliokuwa mkopeshaji mkali dakika iliyopita, hapa ni rafiki anayekushikia ukuta.

Kabla ya kupakia kitu chochote kizito, fanya jaribio hilo kwa kipande cha kitu kilekile. Dakika mbili tu. Na usisimame chini ya mzigo ulio kwenye ubao, hata ukiwa na hakika na hesabu zako.

Hatua ya 6: Mkokoteni, lami na korongo

Hapa unahitaji mkokoteni wa magurudumu mawili na uvumilivu wa mwenyewe. Nilimwendea kijana mmoja anayepeleka maji mitaa ya kwetu. "Mbukwa, kaka." "Mbukwa, mwalimu. Leo unapima nini tena?" Tukapakia madumu 5. Kwanza panga mzigo ukae juu ya ekseli: ukiuweka mbele sana unabeba uzito mikononi, ukiuweka nyuma sana mkokoteni unataka kukuinua wewe. Mkokoteni wake tuliukadiria kilo 60, jumla kilo 165, yaani nyutoni 1,650.

Ndoano ikawekwa kwenye mti wa kuvutia, yeye akashika mizani, mimi nikasoma. Kwenye lami tambarare, matairi yakiwa magumu: kilo 2.5. Nilimwambia asimame, nikidhani mizani imeharibika. Kilo 165 zinavutwa kwa kilo 2.5! Kwenye barabara ya vumbi iliyoshindiliwa: kilo 6. Kisha tukashuka kwenye korongo, kavu kabisa maana ilikuwa Septemba, na mizani ikapanda hadi kilo 33 huku kijana ameinama karibu pua iguse mchanga.

Sababu iko chini ya gurudumu. Lami haibonyei, kwa hiyo gurudumu gumu huviringika karibu bure. Mchanga unabonyea, gurudumu linazama, na mbele yake daima kuna kilima kidogo cha mchanga cha kupanda. Linakipanda, kinabomoka, kinajitengeneza kingine. Wewe unavuta mkokoteni mlimani katika uwanja tambarare. Husimuliwa kwamba hata jina la mji huu limetokana na neno la Kigogo linalohusu kudidimia, kwa sababu ya tembo aliyezama kwenye tope. Alikuwa na shida ileile: uzito mwingi, eneo dogo la nyayo, ardhi laini. Ndiyo maana dereva anayejua mchanga hupunguza upepo kwenye matairi ili yatanuke na yasizame, na akifika lami huujaza tena. Kwa mkokoteni na baiskeli za lami ni kinyume: upepo mwingi, ilimradi usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Fanya hesabu ya njia. Kuvuka mchanga wa mita 30 ni nyutoni 330 mara 30, jouli 9,900. Lami ni jouli 25 kwa mita, hivyo kazi ileile ingekupeleka mita 396. Mita 30 za mchanga zinagharimu karibu mita 400 za lami. Nilimwonyesha kijana hesabu hiyo kwa fahari. Akatabasamu. "Mwalimu, mbona mimi huzungukia darajani kila siku?"

Nikaongeza mwinuko, kuokoa heshima. Njia inayopanda mita 1 katika kila mita 20 inaongeza sehemu moja ya ishirini ya uzito wote, nyutoni 82 hivi. Kwenye lami, kale kamlima ambako jicho halikaoni kanazidisha kani kutoka 25 hadi 107. Kwenye mchanga kutoka 330 hadi 412, huoni tofauti kubwa. Barabara inavyokuwa bora, ndivyo mlima unavyoonekana.

Reli ndiyo mfano mkali wa jambo hilo. Chuma juu ya chuma kinadai nyutoni 10 hadi 20 tu kwa kila tani kwenye tambarare, wakati matairi ya lori kwenye lami yanaweza kudai kama 100. Lakini njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 100, inaongeza nyutoni 100 kwa tani: treni inahitaji kani mara sita au zaidi ya ile ya tambarare. Ndiyo maana wajenzi wa SGR, reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, walitoboa mahandaki kule Kilosa. Hata hivyo kimo ni lazima kilipwe, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Abiria wa kilo 70 anayepanda treni Dar es Salaam anainuliwa kwa jouli 770,000 mpaka afike huku. Uniti 1 ya LUKU ni jouli 3,600,000. Maana yake kumpandisha mtu mzima kutoka baharini hadi Dodoma, kwa kimo peke yake, ni kama moja ya tano ya uniti. Nguo za familia unazozipiga pasi Jumapili zinakula zaidi. Umeme mwingine wa treni unakwenda kupigana na hewa na mengineyo, na hewa ni adui anayekua haraka: mwendokasi ukiongezeka mara mbili, kani yake inakua mara nne. Waendesha baiskeli wa Dodoma wanaijua Julai na Agosti, upepo ukiwa usoni.

Hatua ya mwisho: Kusimama nako ni kazi

Chora mistari miwili kwenye uwanja mgumu, mita 10 kati yake, mbali na magari. Panda baiskeli, mwenzako ashike saa ya simu. Pita mistari kwa sekunde 4, ufunge breki ya nyuma kwenye mstari wa pili, pima ulikosimama. Rudia kwa sekunde 2. Kwangu mara ya kwanza ilikuwa mita 1.3, mara ya pili mita 5 na kidogo. Mwendo mara mbili, umbali karibu mara nne.

Hapa ndipo hesabu ya pili inapohitajika. Kitu kinachotembea kina nishati mwendo ambayo ni nusu ya masi mara mwendokasi mara mwendokasi, na breki lazima zifanye kazi ya kiasi hichohicho ndipo kisimame. Bodaboda yenye dereva na abiria mmoja, kilo 250 jumla, ikienda kilomita 36 kwa saa (mita 10 kwa sekunde) ina jouli 12,500. Breki zikitoa nyutoni 1,250, itasimama baada ya mita 10. Kwa kilomita 72 kwa saa ni jouli 50,000, na breki zilezile zinahitaji mita 40. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki: mita 20 nyingine. Ongeza mishikaki, watu watatu nyuma, breki zikiwa zilezile. Ongeza mchanga uliopeperushwa juu ya lami, ambao unaifanya nyutoni 1,250 iwe ndoto.

Usiwaache watoto wafanye jaribio hili kwenye mteremko, wala kwa breki ya mbele peke yake.

Ukimaliza, piga mizani vumbi kabla ya kuirudisha. Ile ya jirani niliirudisha na mchanga wa korongo umeganda kwenye ndoano, na mteja wa kwanza wa asubuhi, mama mmoja asiyekubali kuonewa, akadai kuku apimwe upya.